Kuni za Hospitali

Baba,

Chai iko kwa chupa, mihogo iko chini ya sahani. Ukitoka zamu usilale kabla ya kufungulia mbuzi.

Nimeshakimbilia basi la Kasese. Ndiyo, naenda chuoni! Jana ulisema mbele ya majirani kwamba hospitali yao ya kufundishia imefilisika, nitasomea udaktari kwa vitanda vitupu. Iliniuma, hata nikataka kuacha. Lakini wewe mwenyewe hutuambia kila siku: kambi ya jeshi ikiishiwa pesa, jiko ndilo huzimika kwanza. Basi asubuhi hii nimempigia Kembabazi, anayesoma huko mwaka wa tatu. Habari ya pesa sikumuuliza. Nimemuuliza kama jikoni mwa hospitali kuna kuni.

Amecheka sana! Lori lilikuwa linashusha kuni wakati uleule, na wagonjwa wanakunywa uji. Mishahara huchelewa, hilo amekubali, lakini madaktari wako wodini wanafundisha.

Umeshindwa, afande, tena kwa sheria yako mwenyewe!

~~Usinipigie simu.~~ Nipigie jioni.

Blanketi lako la jeshi nimelichukua. Hosteli ina baridi, na daktari haombi ruhusa kwa sajini.

Binti yako,
Daktari Naome