Mkono wa Kushoto Uko Kwenye Uzi

3 Februari

Mwanangu Shoto,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, ni magoti tu yanayogoma kupanda ngazi. Wewe je, kile kikohozi kimekuacha? Usinijibu kwa simu. Mashine imeyamaliza masikio yangu na simu kwangu ni kelele tupu. Andika.

Sasa usinicheke. Baba yako, aliyefuma sweta za shule kwa mashine miaka thelathini na moja, amerudi kuwa mwanafunzi. Bibi wa chumba cha chini ananifundisha kufuma kwa mkono sweta ya vifungo isiyo na mshono hata mmoja. Mimi nilizoea kutoa vipande vitano, kisha naviunga. Hii inaanzia shingoni, inashuka mabegani yote kwa pamoja, mikono inafumwa mwisho. Kidole changu kifupi kinanitesa, vitanzi vinachomoka, nafumua kila siku. Bibi ameshanibatiza Mzee Fumua.

Ni yako. Ulipokuwa darasa la nne uliniambia mshono unakukwaruza kwapani, nikakujibu, "Wenzako mia tatu wanavaa, mbona wao kimya?" Neno lile limenikaa kooni hadi leo. Nitumie kipimo cha kifua, na cha kutoka kwapani hadi nyongani. Mikono baadaye.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimekwisha, hofu ondoa. Nimecheka mpaka wenzangu chumbani wakauliza kulikoni. Mzee Fumua! Na hicho kidole usikisingizie. Ulaumu mlango uliokibana.

Huku ni mashuka tu, Baba. Mahoteli yanaleta machafu kwa malori, wenzangu wanafua, mimi nayalisha kwenye rola mbili za moto, yanatokea upande wa pili yamenyooka. Nalisha kwa mkono wa kushoto na hakuna anayenifikia. Msimamizi ananiita Umeme.

Kifua sentimita tisini na mbili. Kwapani hadi nyongani arobaini. Mikono nitapima ukiifikia. Ila rangi gani? Isiwe ile bluu ya shule, nakuomba kwa heshima zote.

Mwanao, Shoto

9 Aprili

Shoto wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila moyo hautulii. Hii ni barua ya tatu tangu uliponiandikia Februari, na hujajibu hata moja.

Rangi ni kijani, tulia. Nimeshatenganisha mikono. Vitanzi vya kila mkono nimevitia kwenye uzi mwekundu ili visifumuke, vinasubiri zamu yao, na mimi nashuka na kiwiliwili. Nimefika kiunoni. Uzuri wa ufumaji huu ni kwamba unaweza kumvalisha mtu sweta kabla haijaisha, ukaona kwa macho pa kukomea. Jana nilimvalisha bibi, akakataa kuivua.

Nipe vipimo vya mikono. Na kama kuna mahali nimekukosea, sema, mwanangu. Mzee akikosea anaambiwa.

Baba yako

16 Juni

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kimya. Kazi imebana, siku zinapita sizioni. Mwandiko usiuangalie, naandikia magotini. Mimi mzima kabisa.

Mkono, kwapani hadi kifundo, sentimita arobaini na nne. Yote miwili sawa. Lakini usijisumbue, Baba. Hata ukiiachia hapo ilipofika inatosha.

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Salamu utanidai. Mwandiko huu naujua. Ulipokuwa darasa la kwanza mwalimu alikukataza kuandika kwa kushoto, nami nikawa upande wa mwalimu. Mwezi mzima ulileta daftari lenye herufi zinazoanguka chali hivi hivi, mpaka mama yako, Mungu amrehemu, akaenda shuleni kugomba. Halafu hukusaini Shoto. Hujawahi kuliacha jina hilo tangu nilipokupa.

Nimepima watu maisha yangu yote, sijaona mwenye mikono iliyolingana. Pima tena wa kushoto. Wa kulia nimeumaliza na kuufunga. Wa kushoto bado uko kwenye uzi.

Baba yako

21 Julai

Shikamoo Baba,

Barua hii nimeianza mara nne.

Kifundo cha kushoto hakipimiki kwa sababu hakipo. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Machi. Shuka lilijikunja, nikaingiza mkono kulinyoosha, rola zikauvuta. Daktari alikata chini kidogo ya kiwiko.

Sikukuficha kwa ajili ya maumivu. Kinga ya rola, ile ya kuzuia vidole, niliitoa mwenyewe, Baba, kwa sababu ilikuwa inanichelewesha na mimi nataka kuitwa Umeme. Nikiwa na miaka minane ulinivuta sikio karakanani ukasema mashine haina huruma, kinga haitolewi hata dakika moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuishia kuvunjika.

Na kuna baya zaidi. Ulipoandika kwamba pengine umenikosea, niliisoma barua hiyo hospitalini nikanyamaza. Niliona heri ujilaumu wewe kuliko unijue mimi. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Wamenihamishia mezani, naandika mashuka yanayoingia na yanayotoka. Usiufume huo mkono, Baba. Nimekuaibisha.

Mwanao

2 Agosti

Shoto,

Pole, mwanangu. Pole sana. Nimelia kwa sauti mpaka bibi wa chini akapanda kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, mwanangu yupo hai.

Unasema la mkuu. Mkuu gani? Kidole changu hakikubanwa na mlango. Shule moja ilitaka sweta zake kwa siku mbili, nikaitoa kinga ya mkanda ili niifikie mashine haraka nyuzi zikikatika. Ncha ya kidole ikabaki kwenye mkanda. Mama yako alinifunga kwa kipande cha sweta, nami nikamwapisha asikwambie. Tangu hapo kinga niliirudisha kila ulipoingia na kuitoa kila ulipotoka. Nawe ulikuwa mtoto wa kuchungulia dirishani. Uliniona, Shoto. Sikio nililivuta kwa jambo nililokufundisha mwenyewe. Ningekwambia kweli ya kidole hiki siku ile, pengine leo ungeniandikia kwa mkono wako. Nisamehe.

Sweta siitii posta. Wa kushoto nimeufuma hadi pungufu kidogo ya kiwiko, kisha vitanzi nikavirudisha kwenye uzi mwekundu. Jumamosi ya tarehe kumi na saba nitashuka stendi ya kwenu na sindano zangu. Utaivaa, nitaangalia. Utaivua, nitaongeza mistari, utaivaa tena. Pale mkono wako unapokoma ndipo nitakapofunga.

Njoo unipokee. Usiutie mkono mfukoni. Mimi nitakupungia kwa mkono wenye hiki kidole.

Baba yako, yule wa mlango