Kanzu ya Yuda Makabayo

Kensington, Johannesburg
12 Novemba 2025

Mpendwa dada Masika,

Nakusalimu kwa upendo wote kutoka huku kwetu. Mguu ulioteguka umeshapata nafuu? Na shemeji François, kifua chake kinaendeleaje? Mimi ni mzima. Cherehani inanilisha, ila mvua ya mawe imetuvunjia madirisha mawili.

Dada, nina jambo la kukuambia wewe peke yako.

Unajua ni miaka sita nawafundisha vijana wa parokia habari za Wayahudi waliomwasi mfalme Antioko, alipowakataza kumwabudu Mungu wao, akaweka sanamu hekaluni. Mwaka huu tuliamua kuiigiza habari hiyo. Nilijua mimi ndiye nitakuwa Yuda Makabayo, kiongozi wa waasi. Nani mwingine?

Wakamchagua Parfait. Ni mlinzi, amefika juzi tu kutoka Bukavu, mrefu, na sauti yake inajaza kanisa bila kipaza sauti. Mimi nikapewa yule Myahudi mwoga anayekwenda kutoa sadaka kwa miungu ya mfalme, akauawa na baba wa Yuda kabla watazamaji hawajakaa vizuri. Tena nikaambiwa nishone mavazi yote.

Eish, dada, wivu ulinila. Kila mazoezi nilimsikia akisema maneno niliyoyaandika mimi, nao akina mama wakimpigia vigelegele. Basi kanzu yake nikaishona kwa uzi mbovu, hasa kwapani.

Jumapili nikauawa, nikabaki nimelala pale chini nikisubiri. Parfait akainua upanga.

“Aliyechoka kupiga magoti na anifuate!”

Kanzu ikapasuka hadi kiunoni. Watu wakacheka, na mimi maiti nikacheka moyoni.

Yeye akaivua taratibu, akabaki na shati lake la ulinzi, maana alitoka kazini moja kwa moja. Akayarudia maneno yaleyale kwa sauti ya chini. Kicheko kikakatika. Mama mmoja akasimama, kisha kanisa zima.

Baadaye akanijia na kanzu ameikunja vizuri.

“Kaka Théodore, nisamehe, nimeharibu kazi yako.”

Nikashindwa kuvumilia. “Ni mimi niliyeiharibu. Niliitaka nafasi yako.”

“Nilijua tangu nilipoivaa,” akasema. “Mshonaji kama wewe hakosei kwapa.”

“Mbona hukusema?”

“Ungeaibika mbele za watu.”

Nimeishona upya, mishono miwili miwili, kwa sababu parokia ya jirani imetualika. Lakini wivu haujaisha, dada. Zamani nilitaka upanga wake na vigelegele vyake. Sasa nautaka moyo wake, na huo siwezi kuushona. Niombee.

Nisalimie mama mkubwa Léocadie, pamoja na Falonne na Bakiri. Mungu awafunike nyote, mlale bila kusikia risasi.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Théodore