Ufunguo Ndani ya Birika la Wageni

Mpendwa Baba Amani,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako, ingawa huu ni mwaka wa sita umelala kaburini Handsworth, huku ugenini. Mwanao amenunua bunduki.

Si ya vita wala ya kuwinda. Kila Jumamosi huenda mashambani na wenzake wa kazini kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, wakapigiana makofi. Ana kibali. Ana kabati la chuma chini ya ngazi, limekazwa ukutani, na polisi walifika hapa Hodge Hill kulikagua wakaridhika. "Mama, hapa si Kongo," ananiambia. "Hapa kila kitu kina sheria."

Sheria inataka mahali ulipo ufunguo apajue yeye peke yake. Basi akauficha pale ambapo sisi sote huficha vitu: ndani ya birika la wageni, kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe visivyoguswa mpaka mgeni aje. Jumapili wageni wakaja, akina mama wa kanisani. Niliposhusha birika, kitu kikagonga ndani. Neema, mjukuu wako wa miaka mitano, hakugeuza hata kichwa kutoka kwenye katuni zake. Akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kwamba huo ni ufunguo wa bunduki ya baba, na kaka yake naye anajua.

"Haa, mna askari humu ndani!" Mama Furaha akasema, wote wakacheka. Mimi nilishindwa hata kuchemsha maji.

Unakumbuka gunia la maharage? Uvira, mwaka ule uliporudi kutoka vitani na bunduki ukaniambia, "Hii itatulinda." Ukaifukia humo. Nikamkuta Amani, miaka minne, ameipakata, mtutu umemgusa kidevuni, anaibembeleza ilale. Ukaingia nyuma yangu. Hukupiga kelele. Ulipiga magoti ukamwomba akupe mtoto wake umshikie kidogo. Akakupa. Siku hiyohiyo uliitupa ziwani.

"Asiambiwe kamwe," ulisema. Nami nikakubali.

Tulikosea sana. Mbele ya watoto ulisimulia ushujaa wako wote wa vitani, nami nilikaa pembeni nikitabasamu. Kisa kimoja tu ndicho kilichofaa kusimuliwa, na hicho ndicho tulichomnyima.

Jana nilimwambia. Akasema, "Sawa, Mama. Nitabadilisha mahali pa ufunguo."

Mahali! Nilitaka kumchapa, mtu mzima mwenye mvi.

Nimempa mpaka Ijumaa bunduki itoke humu, ikatunzwe huko klabuni kwao wanakolengea visahani. Isipotoka, nitapiga simu polisi mimi mwenyewe, kwa Kiingereza changu hikihiki.

"Mama, utaniharibia jina."

"Jina litapona," nikamjibu.

Najua ungenikataza. Ungesema mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani, nasi tumewahi kuyamaliza hivyo, kwa kunyamaza. Pumzika, mume wangu. Nimekutii miaka arobaini, na katika hili sikutii tena.

Mkeo,
Mama Amani