Tata, Wewe Hukukimbia

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo, Tata. Najua mkamwana hamwandikii baba mkwe wake barua halafu akaianika watu wote waisome. Lakini jina lako lilichafuliwa hadharani, basi na kusafishwa lisafishwe hadharani. Mama, mkeo, ameniruhusu. Marwa, mwanao aliyenioa, anasema mimi nimeshindikana siku nyingi, kwa hiyo hata yeye hana neno.

Unakumbuka ile mashine ya gemu ilivyofika Nyansurura? Yule ng'ombe dume mwekundu alikuwa ameshakuvunja nyonga, huwezi tena kufuata ng'ombe malishoni, unashinda ndani ukigombana na redio. Marwa akaja likizo kutoka machimboni na mashine ya mtumba na pedi zake, akaifunga kwenye televisheni yako, akakuonyesha kitufe cha kupiga na cha kukimbia, akarudi kazini. Mama akasema, "Mzee mzima na michezo ya watoto, jamani!" Wewe ukamjibu kwamba unaiwasha tu, isije ikaharibika kwa kukaa bure. Ikawa inawashwa asubuhi, mchana na jioni isiharibike.

Siku uliponipigia simu kuniomba tucheze mpira kwa intaneti, mimi kwangu Turwa, Tarime, na wewe Nyansurura, nilidhani umekosea namba. Mimi gemu nazijua, nimekulia kwenye kibanda cha gemu cha kaka yangu pale Tarime mjini, na hadi leo mashine zikifa wananiletea mimi fundi simu. Lakini kucheza na wewe! Mkwe na mkamwana kwetu hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Nikija kwenu nilikuwa nakusalimia kwa mbali, macho chini, na nikikuona njiani napinda pembeni upite. Miaka yote hiyo sikujua kama wewe ni mcheshi.

Bao la kwanza nililokufunga, nilikuomba radhi.

"Radhi ya nini?" ukafoka kwenye kipaza sauti. "Cheza!"

La pili ukaanza kuwagombeza mabeki wako. "Mura! Wewe mura, umelala?" Kana kwamba ni vijana wako wa kuchunga walioacha ng'ombe waingie shamba la mtu. Nilicheka mpaka pedi ikaniponyoka, ukapata nafasi ukanifunga, ukanyamaza kama hujafanya kitu. Nilikupenda kuanzia siku hiyo, Tata. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na sikutegemea kupata mwingine kwa njia ya mpira wa kwenye kioo.

Shida ilikuwa umeme. Huko kwetu umeme unakuja kusalimia tu. Uko mbele mabao mawili, pu, giza. Ukiwa na bahati umeme ukabaki, basi simu uliyoiegesha dirishani ikupe intaneti inapoteza mtandao. Na umeme na mtandao vikikubali, mashine yenyewe inapata joto, feni inalia, inajizima. Wewe ulikuwa unasubiri, unawasha, unaanza upya bila kulalamika. Hukujua kwamba kila ulipozimikiwa, wenye gemu walikuwa wanaandika.

Nakumbuka uliponiuliza kwa nini watu wote unaowaalika kucheza wanakukataa. Nikafungua ukurasa wako kwenye mashine yangu. Pembeni ya jina lako, Mwita wa Nyansurura, kulikuwa na alama nyekundu na maneno ya Kiingereza. Nilitamani nikudanganye. Nikashindwa, nikakutafsiria: mchezaji huyu hukimbia mechi.



"Nimekimbia?" ukauliza. "Mimi?"

"Ni umeme, Tata. Si wewe."

"Basi waandike umeme umekimbia."

Hukucheka, na mimi sikucheka. Wewe ulisimama jandoni hukupepesa kope. Wewe ulifuata nyayo za wezi wa ng'ombe hadi mpakani, wenzako wakarudi, ukaendelea peke yako. Leo mtu aliyekaa mahali ambapo taa hazijawahi kuzimika amepanga kwamba anayepotea ghafla katikati ya mechi ni mwoga. Hakuwaza kwamba kuna transfoma inayolipuka mvua ikinyesha. Marwa alishauri ufungue jina jipya lisilo na doa, ni kazi ya dakika chache. Ulimjibu kwamba mwizi ndiye hubadilisha jina. Nilikuunga mkono, na bado nakuunga.

Ndipo nikapanda basi kuja kuiponya ile mashine. Ningeweza kumwomba mama anitolee nje niifungue mwenyewe, lakini ulikataa katakata. "Nifundishe mimi. Ukirudi Tarime nani atanifungulia?" Basi wewe ukakaa chumbani kwako na bisibisi, mimi nikakaa nje ukutani chini ya dirisha, heshima ikawa imelindwa, tukaanza upasuaji.

"Ondoa kifuniko, Tata. Unaiona feni?"

"Naiona. Ina manyoya ya paka."

"Kwenu hakuna paka."

"Basi ya mjusi."

"Mjusi hana manyoya, Tata!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lilikuwa vumbi la kiangazi, limeshikana likawa kama blanketi, na sisimizi wamejenga humo. Ulilitoa lote kwa brashi ya viatu, taratibu, na ile mikono yako ya kukamata dume kwa pembe. Ulipoiwasha ikanguruma kwa upole, ukagonga ukuta mara moja. Nami nikagonga.

Baada ya hapo mashine haikujizima tena. Umeme na mtandao ndivyo vilivyobaki, na wewe ukawa unajitahidi. Alama ile huondoka ukimaliza mechi nyingi mfululizo bila kukatika. Ukikatika moja tu, unaanza upya. Ulikuwa ukikaribia, umeme unakata. Ukikaribia tena, unakata tena. Halafu presha ikakuchukua, Tata, hata kuaga hukuaga.

Siku ya maziko wazee walisimama mmoja mmoja wakasema Mwita hakuwahi kumpa adui kisogo. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu, machozi yananitoka, na ninachokiona ni ile alama nyekundu. Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha. Nikajisemea: haibaki. Nikiwa hai, ile haibaki.

Baadaye mama alinishika mkono akanipeleka mlangoni kwako. "Ingia sasa, mwanangu." Nilikanyaga chumba chako kwa mara ya kwanza wewe ukiwa haumo. Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia vizuri, kisha nikaomba brashi ya viatu.

Na wakati huohuo wenye gemu wakatangaza kwamba ile ni gemu ya zamani, kiangazi kikiisha wanaizimia intaneti. Kila jina litabaki lilivyo, na alama zake, milele. Marwa akaniuliza kwa upole, "Mama Bhoke, mzee ameshapumzika. Nani anaangalia?"

"Mimi naangalia," nikamwambia.

Nikafunga kibanda changu cha kutengenezea simu sokoni, nikahamia kwa mama. Nilileta betri la gari na inveta, nikaunganisha mashine na televisheni pamoja. Nikaweka simu mbili dirishani, za mitandao tofauti, huu ukifa nihamie ule. Nikadhani nimemaliza kazi, kumbe ndiyo naanza. Mechi ya kualikana, kama zile zetu, haifuti alama, na mwenye alama hupangiwa kucheza na wenzake wenye alama, na wengi wao ni wakimbiaji wa kweli. Nikiwafunga bao moja tu, wanatoweka. Na mpinzani akitoweka, mechi haihesabiwi.

Nilifikiri sana, Tata, kisha nikaamua. Nikaanza kufungwa.

Nisamehe. Najua ulivyochukia kufungwa, ulikuwa hunisalimii hadi kesho yake. Lakini mtu anayeshinda hakimbii, anabaki kula utamu mpaka filimbi ya mwisho, nami nilihitaji filimbi. Wakanifunga tatu, wakanifunga sita, wengine wakanicheka kwenye kipaza sauti kwa lugha nisizozijua. Mabeki wako niliwaambia walale, na walilala. Nilikuwa nauma meno, vidole vinawasha kutaka kurudisha hata moja. Sikurudisha. Kila filimbi ilipolia nilimwambia mama, "Nyingine."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa kwenye mechi ya mwisho iliyohitajika. Tuko nyuma mabao manne. Umeme ukakata. Mama akapiga yowe. Inveta ikalia, betri likapokea, picha ikatetemeka ikasimama. Yule kijana wa upande wa pili, sijui yuko nchi gani, akafunga la tano, akawachezesha watu wake ngoma mbele ya kipa wetu. Nikamwacha acheze. Filimbi ikalia.

Nikafungua ukurasa wako. Mwita wa Nyansurura. Pembeni yake, hakuna kitu. Nilifunga, nikafungua tena, hakuna kitu.

Mama aliniona nimesimama nimeshika kichwa. "Tumeshinda?"

"Tumefungwa tano, mama."

"Sasa unachekea nini?"

"Hatukukimbia."

Akaitazama televisheni muda, jina lako limekaa pale peke yake. Kisha akatoka uani, mama yule asiyeijua hata pedi inavyoshikwa, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Kesho wanazima, Tata. Wazime.

Pumzika salama, baba yangu.

Mkamwana wako,
Mama Bhoke
Nyansurura