Vumbi Ndani ya Pete ya Tochi

Jumapili, Kharumwa. Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unamwaga vumbi mpaka ndani ya masufuria. Kanisani sikwenda. Nilisema kwamba nabaki kumwangalia mama mkwe, na ni kweli nilibaki, ila pia nilikuwa naogopa macho ya watu.

Chanzo ni tochi ambayo mume wangu aliniletea kutoka Geita, anakofanya kazi. Haina kitufe. Shingoni ina pete ya chuma: ukiizungusha inawaka hafifu, ukiendelea inawaka kwa nguvu, ukiirudisha inazima. Nasimamia karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na tochi hii ndiyo ninayochungulia nayo ndani jiwe likikwama. Nikirudi nyumbani jioni, Mayu, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, huiazima akafunge ndama.

Wiki hii pete ilianza kuwa nzito. Alhamisi ikawa haizunguki mpaka uibane kwa mikono miwili. Sikuuliza kitu. Nilimwambia Mayu ameiharibu kwa kuikamua kama nguo.

"Mwanangu, mbona naizungusha taratibu," alisema.

Nikamjibu kwamba mikono yake imezoea jembe, haijui vitu vya kisasa. Nikaifungia tochi sandukuni. Kisha nilipokwenda bombani kuchota maji nikawasimulia wenzangu, tena kwa kumwigiza. Walicheka. Nami nikacheka.

Ijumaa magharibi Mayu alitoka kufunga ndama bila taa. Alijikwaa kwenye kuni, akaangukia mkono wa kulia. Kwenye kituo cha afya wamesema mfupa umepata ufa, wakamfunga plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Leo mchana alipopitiwa na usingizi, nilitoa tochi nikakaa nayo kivulini. Nilitaka kuona alichovunja. Nadhani nilikuwa natafuta cha kunitetea.

Nikatoa betri, nikafungua kichwa, nikachokoa kwa sindano kile kiwaya kinachozuia pete isitoke. Pete ikateleza ikaja mkononi, na kigololi kidogo na springi yake vikadondokea kwenye kanga niliyotandika. Hakuna kilichovunjika. Hakuna hata mkwaruzo. Mfereji ambamo pete huzunguka ulikuwa umejaa unga wa kijivu, laini, ulioganda na grisi ya zamani kama tope kavu.

Unga huo naujua. Ndio ninaokung'uta kwenye nywele kila jioni. Ni vumbi la karasha.

Tochi niliiharibu mimi.

Nikasugua mfereji kwa mswaki mkuukuu, nikafuta kwa kitambaa chenye spiriti, nikapaka grisi nyeupe kidogo niliyopewa na fundi simu. Nikarudisha springi, kigololi, pete, kiwaya. Ilizunguka laini kabisa. Sikufurahi hata kidogo.

Nilikuwa bado nimeishika alipoingia Mama Kulwa, jirani yetu, kuja kutoa pole. Mayu akaamka, wakasalimiana. Mama Kulwa akautazama mkono, akasema kwa utani, "Pole, mama. Lakini na wewe, tochi ya watu ulikuwa unaikamulia nini?"

Maneno yangu hayo. Yametoka kinywani mwangu, yamepita bombani, yamemfuata mgonjwa mpaka kitandani.

Mayu alitabasamu. "Ni kweli, mikono yangu mizito," alisema.

Nilikuwa nimesimama pale, mikono inanuka spiriti, ukweli nimeushika, na nikanyamaza mpaka mgeni akaaga.

Alipoondoka ndipo nikapiga magoti, nikamwambia Mayu yote: vumbi, karasha, na kwamba hakuvunja kitu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Sasa mbona hukusema Mama Kulwa akiwa hapa?"

Nilitoka nikamfuata Mama Kulwa. Nilimkuta uani kwake na wanawake wawili wa bombani, wanachambua maharage. Nikasema palepale kwamba nilimsingizia mama wa watu na sasa ameumia kwa sababu yangu. Hakuna aliyecheka. Mama Kulwa alisema, "Basi, yameisha." Wakarudi kwenye maharage, nami nikarudi nyumbani nikijua kwamba kwangu hayajaisha.

Jioni nimemwogesha Mayu. Hawezi kujifunga kanga kwa mkono mmoja, kwa hiyo nimemfunga mimi. Aliinua mikono yote miwili, wa plasta na ule mzima, akasimama akinisubiri nimalize. Nilijua ananitazama. Nilikaza macho kwenye fundo mpaka likabana kupita kiasi, akaniambia kwa upole nililegeze.

Kesho atahitaji kufungwa tena. Je, nitaweza kuinua uso?