Nyumba Uliyonituma Kuikagua

Nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichotuambia kimekuacha. Unakula lakini? Mama yako anasema kwenye picha ya mwisho shingo imekuwa nyembamba, na mimi leo nakubaliana naye. Sisi huku hatujambo. Magoti yake ni yaleyale, ngazi za ghorofa ya tatu zinamtesa, ila mdomo uko imara kama kawaida.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata mwanya wa kunyamaza.

Ile nyumba unayotaka kumnunulia mama yako tulikwenda kuiona Alhamisi, mimi, yeye na dalali. Ni nzuri, sikatai. Vigae vinang'aa, kabati za jikoni zinajifunga zenyewe polepole, rangi bado inanukia. Mama yako hakumaliza hata kuviona vyumba vyote. Alifika kile chenye dirisha la mashariki akasema hiki changu, akaanza kupanga kitanda kwa mikono hewani. Hakuna ngazi hata moja. Muda mrefu sijamwona dada yangu na uso ule.

Mimi, unanijua, nyumba siiangalii usoni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilichukua limau kwenye kikapu cha mama yako nikaliweka katikati ya sebule. Likatulia kidogo, kama linafikiri, halafu likabingirika lenyewe mpaka kona ya nyuma. Dalali akacheka, akasema hata limau limeipenda nyumba. Nikagonga vigae vya kona ile, vikalia kama debe tupu. Mlango wa stoo nao ulikuwa umepigwa randa juu, upande mmoja tu, ili ufunge. Mlango haurefuki wenyewe, mpwa wangu. Ukuta ndio umeukalia.

Nikaingia stoo, nikachuchumaa nyuma ya mlango kutazama kama kuna unyevu. Chini kabisa, karibu na sakafu, nikaona alama ya dole gumba kwenye plasta, yenye mstari wa kovu katikati.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na desturi yake. Kila mmoja wetu akimaliza ukuta, abonyeze dole gumba pembeni chini, plasta ikiwa mbichi, ili ukuta ukileta maneno ajue amwite nani. Kovu la bati kwenye dole gumba langu unalijua. Ulikuwa ukilishika ulipokuwa mdogo, ukiniuliza kama linauma.

Basi nyumba hiyo niliipiga plasta mimi, miaka thelathini iliyopita. Sikuitambua kwa sababu wamebadilisha paa, wakaongeza baraza, na uso wa mbele ni mwingine kabisa. Lakini kona ile naikumbuka. Palikuwa na shimo la taka la zamani, likafukiwa harakaharaka, na msingi haukufika kwenye udongo mgumu. Ukuta ulipasuka hata madirisha hatujaweka. Mkandarasi akasema ziba, wenyewe wanakuja Jumamosi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na ndilo kosa langu. Niliziba vizuri mpaka nikasifiwa, na jina hili la Timazi nikalipata mwaka huohuo, eti kuta zangu zimenyooka kuliko kamba ya kupimia.

Nakwambia ukweli, wazo la kunyamaza lilinipitia. Nyumba haitaanguka kesho, na mama yako nilikuwa namsikia akiimba kule chumbani. Nilijionea aibu. Nikatoka, nikamweleza yote mbele ya dalali, na mwenye kosa nikamtaja.

Tukarudi nyumbani, mimi na mama yako. Alipanda ngazi zake, akipumzika kila ghorofa, akakaa, ndipo akaniambia, "Ungenyamaza mara ya pili, kaka, nisingekusamehe hata ile ya kwanza." Kisha akanitengea chakula.

Kwa hiyo usinunue. Mwenye nyumba nimemwandikia pia, maana atakayekuja baada yetu naye ana mama.

Mtaa wa nyuma ipo nyingine inauzwa. Sura mbaya, haina rangi, bafu la kizamani. Lakini nilikwenda juzi mvua ikinyesha, nikakuta kuta kavu na milango inafungwa kwa kidole kimoja. Nikaomba ruhusa nikachimba kando ya msingi, nikaridhika. Limau lilikaa palepale nilipoliweka. Mama yako anaiita nyumba iliyonuna, na usimharakishe. Kile chumba bado kinamuuma. Anachotaka ni dirisha la mashariki tu. Hilo nitalitoboa mimi, kwa mikono hii hii, na dole gumba nitabonyeza mbele yake.

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, na babu wa ghorofa ya chini anauliza utarudi lini. Msalimie mumeo, na yule mdogo asiyetaka kuvaa viatu mbusu kwa niaba yangu.

Mungu akuzungushie watu watakaokuonyesha ufa kabla ya kukuonyesha rangi.

Mjomba wako akupendaye,
Timazi