Rasimu za Chiriku

Jumapili, 3 Machi

Leo mjukuu wangu Chiriku kapiga simu. Wiki nzima na zaidi kimya, halafu mchana huu – una nafasi, bibi? Nafasi! Mashati ya wahudumu wa hoteli yamejaa mabeseni mawili, pasi imeshashika moto. Nikaizima pasi. Nikamwambia ninayo.

Kumbe hakupiga kunijulia hali. Wana somo la uandishi huko chuoni. Mwaka wa kwanza wote lazima walipite, awe wa uuguzi, awe wa mahesabu. Insha ya kwanza kaanguka. Mwalimu kamwandikia kwamba maneno anayo mengi ila haijulikani anasema nini. Nikacheka kimoyomoyo. Mimi hilo ninalijua tangu hana meno, anatambaa chini ya meza yangu ya pasi huku domo halifungi. Jina la Chiriku nilimpa mimi, si mwalimu.

Akianguka na ya pili, anasimamishwa hadi mwakani. Yaani anarudi nyumbani.

Kitanda chake hakijaguswa. Shuka nilibadilisha juzi tu, kwa sababu ya vumbi, si kwa lingine.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Kwanza mpango. Halafu rasimu – ndilo andiko la kwanza, la ovyo. Halafu unalifumua, unaandika la pili. Halafu la tatu. Nikamwambia mimi shati nikilifua ovyo mara ya kwanza, mwenyewe halileti tena. Akacheka. Kicheko chake bado ni kilekile cha kukoroma.

Na kila mwanafunzi awe na msikilizaji, mtu asiye wa chuo. Anasomewa rasimu, kisha anasema kwa maneno yake: nimesikia unasema hivi. Basi. Asisifu, asisahihishe, asigombe. Nikamuuliza, watu wote hao duniani, umenichagua mimi nisigombe?

"Nimekuchagua kwa sababu wewe humung'unyi maneno, bibi."

Ni kweli. Simung'unyi.

Jumatano, 6 Machi

Kaleta picha ya mpango kwenye simu. Herufi kama chawa. Nikavuka kwa fundi simu hapo jirani anikuzie. Visanduku na mishale, utafikiri wanajenga ghorofa. Juu kabisa swali walilopewa: Je, mtu aliyeondoka kwenda kusoma anawajibika kurudi kwao?

Sanduku la kushoto, sababu za kurudi. Limejaa! Bibi. Kazi ya udobi. Wateja wanaonijua. Chumba cha nyuma asubuhi. Sanduku la kulia, sababu za kutorudi. Tupu. Kaandika tu: nitafikiria.

Nikamwambia fundi anikuzie hilo tupu tena.

Akaniuliza kama ninatafuta kitu humo. Nikamwambia ashike adabu yake na bisibisi yake.

Nikarudi kwa njia ya seremala. Nimemwagiza meza ya pasi ya pili. Akauliza kimo. Meza ya pasi haitengenezwi kwa kukisia. Ikiwa fupi inavunja kiuno, ikiwa ndefu inaua mabega. Lazima ijulikane nani atasimama hapo. Nikasimama, nikainua kiganja hewani juu ya utosi wangu. Chiriku ananizidi, kichwa kizima. Nikamwambia, mtu wa kimo hiki.

Jumapili, 10 Machi

Rasimu ya kwanza. Kasoma haraka haraka, nikamwambia apunguze mwendo, hakuna anayemfukuza. Hilo si kugomba.

Jamani huyu mtoto. Kaandika chumba changu! Mvuke unavyopanda asubuhi mpaka kioo cha dirisha kinalia. Harufu ya wanga. Mimi ninavyotema mate kwenye kidole na kuijaribu pasi – hilo angeliacha, nani anataka kulijua. Ninavyowasema wateja wenye kola chafu wakishageuka tu. Na yeye chini ya meza, anahesabu vifungo vilivyoanguka, akijua kila mteja kwa viatu vyake.

Macho yalinichoma. Ni ile sabuni mpya, kali mno.

Halafu mwishoni, mwishoni kabisa, alipokuwa ameshachoka kusoma, akasema hivi: lakini kupakumbuka mahali si sawa na kutaka kurudi.

Nililisikia. Masikio yangu mazima.

Akaniuliza, haya bibi, umesikia ninasema nini? Nikamwambia, nimesikia unapapenda kwenu na unataka kurudi. Akauliza, basi? Nikasema basi.

Akasema asante. Nikasikia anaandika.

Alhamisi, 14 Machi

Meza imekuja. Mbao nzuri, haina nundu. Nimeivisha blanketi na shuka nyeupe, nimevuta mpaka imekaza kama ngoma. Nikajaribu kunyoosha suruali juu yake. Siiwezi. Viwiko vinaning'inia hewani kama nimetundikwa.

Yule muuguzi mkuu aliyekuja kuchukua sare zake akauliza, bibi umeongeza mtu? Nikamwambia mjukuu wangu anarudi. Nikalisema hivihivi, kama mtu anayesema mvua inakuja. Akanipongeza.

Chumba kimekuwa kidogo. Napita kiubavu.

Jumapili, 17 Machi

Rasimu ya pili. Fundi simu alikuwa hapa, kaja kunifungulia spika, maana nikishika simu sikioni mkono unachoka. Akajifanya anaondoka. Hakuondoka.

Mvuke kaukata. Wanga kaukata. Viatu vya wateja, kwaheri. Mwalimu kamwambia chumba kizuri lakini hoja iko wapi? Hoja iwe mbele, si kujificha mkiani. Kwa hiyo sasa iko mbele. Nainakili hapa kama alivyoisoma: Aliyeondoka kwenda kusoma halazimiki kurudi, na anayempenda hapaswi kumdai.

Mimi nimebaki aya moja. Moja! Kutoka chumba kizima. Na kwenye aya hiyo yumo mama yake pia, binti yangu, aliyekwenda kutafuta kazi na hadi leo anarudi kwa salamu za sikukuu tu. Chiriku anasema hamlaumu mama yake. Anasema aliwahi kumlaumu, akiwa mdogo, kwa sababu alinisikia mimi nikilaumu.

Hapo nilishika meza. Ile mpya, ndiyo iliyokuwa karibu.

Akauliza, umesikia ninasema nini, bibi? Na mimi, mtu mzima, mvi kichwa kizima, nikamjibu: nimesikia kwamba ni vizuri mtu arudi, akipata nafasi.

Sauti yake ikashuka.

"Hata hapa, bibi? Hata na hii?"

Nikasema hata na hii. Akasema basi bado anaandika vibaya, amefumua vyote vile na bado haeleweki, huenda kweli hana kichwa cha chuo. Nikamwambia kichwa anacho. Akasema atalikaza zaidi. Atatoa kila kinachochanganya.

Simu ilipokatika, fundi alikuwa anakunja nyaya zake polepole. "Bibi," kasema, "mbona hata mimi nimesikia kwamba harudi?"

Nikamwambia aende akasikilize redio zake.

Jumatatu, 18 Machi

Sikufanya kazi ya maana. Nimeunguza kola ya mtu. Mimi!

Nimekaa nikawaza. Kila nikijifanya sijasikia, mtoto anafikiri kosa ni la kalamu yake. Anakwenda anakata. Na kinachokatwa ni mimi. Mara ya kwanza nilikuwa chumba kizima, sasa ni aya, Jumapili ijayo nitakuwa nini, nukta? Halafu anajiona hana akili, na kumbe akili anayo, amesema kitu kikaeleweka mpaka kwa mtu wa bisibisi.

Na akianguka? Akianguka anarudi. Nimeliandika. Sasa limekaa hapo linaniangalia.

Lakini nani atakayerudi? Nimemfikiria akisimama kwenye meza ile, kimo kimemkaa sawasawa, ananyoosha sare za watu waliopita somo la uandishi. Domo limefungwa. Chiriku aliyenyamaza. Huyo sikumlea mimi.

Ijumaa, 22 Machi

Leo na mimi nimefanya mpango. Usinicheke – nani atacheka, humu nipo peke yangu. Nikachora visanduku viwili nyuma ya karatasi ya sabuni. Kushoto, ya kumwambia. Kulia, ya kutomwambia. Mishale sikuweka, sijaona kazi yake.

Kisha rasimu. La kwanza lilikuwa refu, la kumpasha. Nimekulea. Nimekuosha. Mama yako aliondoka na begi langu, wewe umeondoka na moyo wangu, mna nini na vitu vyangu? Nikalisoma kwa sauti kama wanavyofanya wao. Lo. Sauti ilikuwa ya yule mama mwenye duka anayedai wateja barabarani. Nikakata.

La pili fupi. Soma mwanangu, nyumbani tupo. Nikalisoma. Uongo mtupu, nyumbani tupo akina nani? Nikakata.

La tatu lilibaki sentensi moja: mkono wangu wa kulia umeanza kufa ganzi.

Hiyo ni kweli. Mganga wa zahanati kaniambia nipunguze kunyoosha. Na ninamjua mjukuu wangu. Nikimwambia hiyo moja tu, taratibu, kesho yake yuko mlangoni na begi, hataki kusikia la insha wala la mwalimu. Nililiangalia andiko hilo muda mrefu. Ndilo zuri kuliko yote niliyoandika. Halina neno la ziada.

Nikalikata nalo.

Sasa sina rasimu. Mwalimu wao angesemaje mtu akikata vyote?

Jumapili, 24 Machi

Kesho wanakusanya. Leo ndiyo kusoma kwa mwisho. Nimeoga mapema, nimevaa kitenge cha kutokea, kana kwamba ananiona. Fundi simu kafungua spika, nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikafunga.

Kasoma taratibu. Hana haraka tena, huyu mtu. Sentensi ya kwanza: Sitarudi kuishi nyumbani nilikolelewa, na sitaki mtu yeyote afikiri ni kwa sababu sipakumbuki. Kisha sababu, moja moja, kila moja imesimama mahali pake. Anataka kufundisha chuoni. Kazi hiyo kwetu haipo. Mtu akirudi kwa kumwonea mwingine huruma anakuja kumchukia huyohuyo. Nilijikuta natikisa kichwa kukubali, kama mjinga, peke yangu chumbani. Mtoto anajua kujenga maneno. Hupati pa kuingiza ukucha.

Na chumba kakirudisha kidogo. Si aya nzima. Dirisha linalolia, na mimi ninayesema watu wakishageuka. Kasema mwalimu alimwonyesha kwamba kukata si kufuta kila kitu, unaacha kile ambacho hoja haisimami bila hicho. Mate kwenye kidole nayo yapo. Kayaacha!

Akamaliza. Nikasikia karatasi zinawekwa chini. Hakuniuliza haraka safari hii. Nadhani anaogopa jibu langu.

"Haya, bibi. Umesikia ninasema nini?"

Nikasema, "Nimesikia unasema hurudi."

Nikasikia kitu kama pumzi iliyokuwa imebanwa siku nyingi.

"Ndiyo, bibi."

Hakusema asante. Nje mtu anapita na mkokoteni wa chupa tupu, nikausikiliza mpaka ukakata kona.

Akasafisha koo. Akasema limebaki moja, ni la rasimu ya mwisho tu. Kuna pa kujaza: Je, msikilizaji amekubaliana na hoja? Ndiyo au hapana, na kwa nini. Sauti imekuwa ya kitoto kabisa. Akasema nikitaka niseme hapana, mwalimu hakati alama, inaruhusiwa.

Nikamwambia asubiri, pasi inaunguza nguo.

Pasi haijawashwa leo.

Simu nimeilaza juu ya meza ya kimo chake, nimekaa upande huu na kalamu. Spika iko wazi. Nasikia huko kwao, ukumbi sijui bweni, vijiko vinagonga vikombe, mtu anacheka mbali. Msichana mmoja kamuuliza kama amemaliza, waende. Kamjibu watangulie, anamsubiri bibi yake.

Anamsubiri bibi yake.

Kaita, bibi upo? Nimemwambia nipo, pasi hii jeuri. Akacheka kidogo, kile cha kukoroma. Sasa anaimba chinichini, hajui kama ninamsikia. Alikuwa anaimba hivyohivyo akichambua soksi.

Jibu ninalo. Ninalo tangu alipoweka karatasi chini, na sababu zake pia ninazo, zimejipanga zenyewe bila visanduku. Lakini nikishalitoa ataandika, atashukuru, atakata simu. Waende huko wanakokwenda.

Kaita tena. Namwambia dakika moja, mama, bado hii kola –